Baba yupo hai, lakini kwenye fomu ya mkopo nataka kumwandika marehemu

Shikamoo Mwalimu,

Naomba jina langu lisitajwe. Nina miaka 26, naishi Mwanza. Safu yako huwa naisomea kwenye simu ya jamaa ninayekaa naye geto, mwenyewe akidhani naangalia matokeo ya mpira.

Nilitoroka nyumbani Ukerewe nikiwa na miaka 9. Mama alishaondoka muda, sijui alikoelekea. Baba alikuwa mvuvi na mlevi, na akilewa alikuwa ananipiga kwa kasia. Si fimbo, ni kasia. Mpaka leo nikibeba gunia zito bega la kushoto linaniambia. Siku niliyoamua kuondoka nilijichanganya na wapakiaji wa machungwa pale Nansio, nikaingia melini, nikashukia Mwanza bila kiatu mguuni.

Nililala Makoroboi kwenye mabaraza ya maduka, na mvua ikija nilijisogeza chini ya meza za wamachinga. Baadaye nikahamia Mwaloni kule Kirumba, kwa sababu magunia ya dagaa yana joto na harufu yake mgambo hawaitaki. Gundi nilivuta. Kuiba niliiba. Sikufichi.

Nikiwa na miaka 13 kituo kimoja kikanichukua. Wakaniingiza MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa, miaka miwili, kisha nikapokelewa darasa la tano. Nimemaliza la saba mwaka 2016 nikiwa na miaka 17, ndevu zimeshaanza, watoto wananiamkia. Kituo wakaona sekondari ya kutwa nitakuwa baba wa darasa, wakanilipia masomo ya jioni ya QT, ule mtihani wa maarifa kwa wasiopita sekondari ya kawaida. Nilipotimiza 18 wakasema muda wangu umeisha. Nikapewa begi, godoro na shilingi 50,000. Ada ya QT waliendelea kulipa, ila pa kulala ndiyo nikajitafutie.

Nikarudi Mwaloni, safari hii kama kuli. Kuna mama anauza uji pale, aliniona siku tatu mfululizo nalala juu ya mkokoteni, akanipa ufunguo wa banda lake. Nililala humo karibu miaka minne, nalinda masufuria yake, nasoma kwa tochi ya simu. QT nikafaulu. Kidato cha nne nikafanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikapata C mbili na D nne. Nikasoma cheti, kisha diploma ya ununuzi na ugavi, ada nimeilipa kwa mgongo. GPA yangu ni 3.6. Sasa nimeomba digrii, na ada ya digrii mgongo haiwezi. Lazima nipate mkopo.

Hapo ndipo nilipokwama. Nilikwenda steshenari kujaza fomu, kijana wa pale aliponisikiliza akaniambia, "Kaka, weka yatima wa wazazi wote. Cheti cha kifo nakutengenezea kwa 80,000, kila mtu anafanya." Mwalimu, nilitaka kukubali, na si kwa sababu ya mkopo tu. Nilipofikiria kuandika neno "marehemu" mbele ya jina la yule mzee nilisikia raha. Yupo hai. Mwaka juzi mtu wa kwetu aliniambia bado anavua.

Njia nyingine ni barua ya kituo kuthibitisha kwamba walinilea na kunilipia QT. Nimempigia meneja. Anasema sawa, lakini kwanza nije siku ya wageni nitoe ushuhuda, ndipo tuongee habari ya barua. Nikiwa na miaka 14 nilishatoa huo ushuhuda. Nilikuwa na sare mpya, wakanivua, wakanivalisha shati langu la zamani lililochanika ili picha ipendeze. Wageni wakalia. Ile picha ikawekwa kwenye kalenda, na miaka miwili baadaye niliiona imening'inia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji hakunitambua.

La mwisho ni dogo lakini linaniaibisha. Nikilala nafunga kamba za viatu mkononi. Mtaani wakubwa walikuwa wanakuvua viatu ukiwa usingizini. Nimejaribu kuacha, usingizi hauji. Wiki iliyopita jamaa yangu wa geto aliamka usiku akaniona, akacheka, akauliza, "Unaenda wapi na viatu?" Nikamwambia nilisahau kuvua. Kwake mimi ni mtoto wa mwalimu wa Nansio. Watu wachache wanaojua ukweli huniambia elimu imenikomboa. Mbona mimi sijioni nimekombolewa?

Nimwandike marehemu au nisimwandike? Na huyu jamaa nimwambie nini?

Ni mimi, kuli wa Mwaloni.

*

Marahaba, mwanangu.

Usimwandike marehemu. Nalisema mapema usije ukapita steshenari kabla hujamaliza kusoma.

Hatari yake unaijua nusu. Bodi ya Mikopo haipokei cheti cha kifo kwa kukiangalia muhuri tu. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo huhakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayevisajili, na cheti ambacho hakimo kwenye kumbukumbu za RITA hata kingechapwa kwa wino wa dhahabu ni karatasi. Kijana wa steshenari atakuwa ameshakula 80,000 yako, na wewe ndiye utakayebaki na jina chafu na kosa la kughushi ambalo liko kwenye Kanuni ya Adhabu. "Kila mtu anafanya" ni maneno ya mtu ambaye jina lake halimo kwenye fomu.

Lakini hata cheti kingepita ningekuzuia. Kwa miaka mingi nimefundisha madarasa ya jioni, kwenye shule ya msingi ambayo madawati yake ni ya watoto wa darasa la pili, watu wazima wanakaa magoti yakigusa kidevu. Mmoja wa wanafunzi wangu wa wakati huo aliandika mama yake amekufa. Alikuwa na hasira naye, na sababu alikuwa nazo. Mkopo akapata, akasoma, akaajiriwa serikalini, akapata bima ya afya ambayo mwajiriwa anaweza kuwaingiza wazazi wake kama wategemezi. Mama akaugua figo. Siku hiyo alinipigia simu saa tano usiku akaniuliza, "Mwalimu, mtu aliyekufa anaingizwaje kwenye bima?" Fomu ya bima alikuwa nayo mezani, ameijaza mpaka kwenye jina la mama akashindwa kuendelea, maana aliogopa mtu wa utumishi atafungua faili. Alilipia matibabu mfukoni mpaka akauza pikipiki. Sisemi utakuja kumpenda baba yako. Huenda usimpende kamwe, na sitakudai. Nasema hujui ukiwa na miaka 40 utataka nini, na usimfungie huyo mtu wa miaka 40 mlango kwa 80,000.

Raha uliyoisikia naielewa. Imekuogopesha, ndiyo maana umeandika kwangu badala ya kulipa. Ila tazama unachochanganya. Unadhani ukiandika jina la baba pale, mbele yake ukaweka "hai", umemsamehe, au umekubali kwamba ni mzazi kama wazazi wengine. Fomu haiulizi hayo. Inauliza jina na kama yupo hai, basi. Andika jina lake kwa mwandiko uleule unaoandikia tarehe, halafu upite. Kumsamehe ni shughuli yako, ina wakati wake au haina, na hakuna dirisha la mkopo linaloifungia.

Sasa tuje kwenye kazi. Kuwa na mzazi hai hakukufungii mkopo. Bodi huangalia uhitaji kwa njia kadhaa, na mojawapo ni hiyohiyo uliyoitaja, mwombaji ambaye masomo yake ya sekondari au diploma yalifadhiliwa na taasisi, akaleta barua ya kuthibitisha. Kituo kilikulipia QT. QT ndiyo mtihani uliokufungulia mlango wa kidato cha nne, kwa hiyo ufadhili huo si wa kuufinyangafinyanga, uweke wazi. Kama una risiti zozote zenye jina la kituo, zitafute leo, hata zile ulizozibana kwenye daftari la hisabati. Na kabla ya kujaza chochote pakua mwongozo wa mwaka huu uusome mwenyewe, maana masharti hubadilika na kijana wa steshenari anajaza kwa mazoea ya mwaka jana.

Kuhusu meneja, hapa nimekasirika kidogo, unisamehe. Barua ya kuthibitisha jambo lililotokea si zawadi. Hakuna anayelipia ukweli kwa kusimama mbele ya wageni. Muandikie, usimpigie. Mwandikie barua fupi ya heshima, utaje mwaka ulioingia, mwaka uliotoka, masomo waliyolipia, uombe uthibitisho, na uweke nakala. Ushuhuda usiutaje kabisa, wala kwa kukubali wala kwa kukataa. Zikipita siku saba kimya, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii. Mtoto wa miaka 13 haokotwi tu barabarani akawekwa kituoni. Vituo vinasimamiwa na ustawi wa jamii na panatakiwa kuwa na faili lako halmashauri. Anzia Manispaa ya Ilemela ikiwa kituo kiko upande huo, wakikuambia faili liko Jiji, vuka uende Jiji. Utazungushwa. Wewe umeshinda foleni ya kubeba magunia alfajiri, hii utaiweza. Barua ya ofisa ustawi itasaidia hata kama ya kituo itapatikana, kwa sababu itaeleza kile ambacho fomu haina kisanduku chake, kwamba mzazi yupo hai lakini hakukulea tangu ukiwa na miaka 9.

Huyo ofisa mweleze yote. Kasia, gundi, wizi. Mficha uchi hazai, na yule yupo pale kwa kazi hiyo na ana wajibu wa kukutunzia. Wageni wa meneja hawana wajibu wowote kwako, wala jamaa wa geto hana. Hapo ndipo wengi waliopita mtaani hukosea, na siwalaumu: wamezoeshwa tangu utotoni kueleza maisha yao kwa yeyote mwenye biskuti. Wakikua, ama wanaendelea kumweleza kila mtu, ama wanafunga mdomo hata mbele ya daktari. Wewe umechagua la pili na umekwenda mbali, mpaka umejizalia baba mwalimu.

Ile kalenda. Imepita miaka 12 na huenda picha bado iko kwenye kuta au imehamia mtandaoni. Tangu 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na Tume yake ipo, na picha ya mtu ni taarifa yake. Una haki ya kuwaandikia kituo waache kuitumia. Ningekushauri usifanye hivyo wiki hii, barua itoke kwanza. Mimi ni mwalimu mstaafu, najua wakuu wa taasisi walivyo. Lakini usisahau. Kukuvua sare mpya ili uonekane mchafu ni jambo ambalo hata hao wageni, wangelijua, wasingelia kwa sababu ileile.

Umeuliza mbona hujioni umekombolewa. Watu wanapenda hadithi ya shule inayomvuta mtu shimoni. Kule Kenya kuna mzee Kimani Maruge aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya ada ya shule za msingi kufutwa, na nimemtolea mfano kwa wanafunzi wangu wazima mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Siku moja mama mmoja wa darasa langu, mfanyakazi wa ndani ambaye tajiri wake alikuwa amemfukuza asubuhi ileile, akaniuliza, "Huyo mzee jioni alikuwa anarudi wapi?" Sikuwa na jibu. Maruge alikuwa na kwake.

Tangu mwaka 2016, mwaka uleule uliomaliza la saba, sekondari za serikali mpaka kidato cha nne hazitozi ada, na ni jambo kubwa, nimeona madarasa yakifurika. Lakini pa kulala haikuwa ada. Sabuni haikuwa ada. Wewe hukukombolewa na elimu peke yake, na moyo wako unajua, ndiyo maana ukisifiwa unasikia uongo. Umesoma kwa sababu mtu mmoja alikupa ufunguo wa banda. Ukiisema hadithi yako namna hiyo, hata kimoyomoyo, naona itakukaa vizuri zaidi mwilini.

Viatu. Huo si uchizi na si aibu, ni ulinzi uliokufaa kwa miaka mingi ambao bado haujaambiwa kazi imekwisha. Usilazimishe kuuacha usiku mmoja. Jaribu kuvifungia viatu ndani ya begi, begi likiwa kitandani upande wa ukutani, na kamba ya begi ndiyo uishike. Baada ya wiki kadhaa begi lishuke uvunguni. Nimekupa njia ya mwalimu tu. Chuoni utakuta ofisi ya mlezi wa wanafunzi na mara nyingi kuna mshauri pale, nenda umwone muhula wa kwanza kabla mitihani haijakubana. Na bega hilo lipeleke hospitali wakalipige picha, usilifanye kumbukumbu.

Jamaa wa geto mwambie neno moja tu la kweli. "Niliwahi kuibiwa viatu nikiwa nimelala, mazoea hayajanitoka." Ni kweli tupu na haimpi funguo za nyumba nzima. Akiuliza zaidi na ukaona anauliza kwa wema, utajua la kuongeza. Yule mwalimu wa Nansio muache afifie taratibu, usimtaje tena, watu husahau. Ukimkana ghafla utalazimika kueleza yote siku moja, na hujajiandaa.

Mkopo ukitoka, kumbuka ni deni. Ukiajiriwa watakata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi mpaka liishe. Bumu la chakula na malazi lilipandishwa miaka ya karibuni likafika 10,000 kwa siku; kwa mtu aliyeishi kwa uji wa Mwaloni litaonekana kubwa wiki ya kwanza, na wiki ya kwanza ndiyo vijana hununua spika za muziki. Nakujua wewe hutanunua. Wewe tatizo lako litakuwa kuficha noti chini ya godoro badala ya kuzipeleka benki. Zipeleke benki.

Imebaki saini ya mdhamini. Fomu inahitaji mdhamini mwenye kitambulisho cha taifa, saini na muhuri wa serikali ya mtaa, na muhuri wa wakili au hakimu. Barua yako yote nimeisoma nikimtafuta mdhamini, na sioni kwa nini uhangaike: ni yule mama wa uji. Amekufahamu tangu ukiwa kijana wa miaka 18, anajua ulipo, na ameshakuamini na masufuria yake. Mweleze wazi kwamba kudhamini maana yake bodi ikikutafuta itamuuliza yeye, asisaini gizani. Hakikisha kitambulisho chake cha NIDA kipo na majina yameandikwa sawasawa. Na umpelekee fomu jioni akishaosha vyombo. Asubuhi akishaanza kukoroga hatakusikiliza.